Usicheke

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwepo, ila hakuna aliyelitumia. Mtaa mzima ulimwita Usicheke. Watoto wa shule ndio waliolianzisha, wale waliokuja studio alikofanya kazi kupigwa picha za fomu za mitihani, maana neno hilo aliwaambia kabla ya kila picha. Likahamia kwa mama zao, likafika sokoni, na siku moja mama yake mzazi naye likamponyoka. "We Usicheke, hebu niletee maji!" Mama akaziba mdomo kwa kiganja, wakaangaliana, wakacheka mpaka mbavu zikawauma. Hiyo ilikuwa zamani, enzi hizo nyumbani mwao bado kuna cha kuchekea.

Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja, kimebanwa kati ya duka la vipuri vya baiskeli na kinyozi. Ndani kulikuwa na stuli ya mbao, pazia jeupe, taa mbili za kusimama, kioo, na kitana kilichofungwa kwa kamba kisije kikaondoka na mteja. Mwenye studio aliitwa Bosi, hata na watu ambao hawajawahi kumfanyia kazi. Alimfundisha kazi siku mbili tu, maana kazi ya picha za pasipoti haina siku ya tatu. Mteja akae wima. Kidevu kisipande. Masikio yote mawili yaonekane. Mdomo ufungwe.

"Na akicheka usigombane naye," Bosi alimwambia. "Shusha kamera, subiri amalize. Hakuna mtu anayecheka kutwa nzima. Akimaliza, piga."

Basi dada wa watu akasubiri wenzake wamalize kucheka, miaka kumi na moja.

Sasa msinielewe vibaya, kazi aliijua. Picha yake haikuwahi kurudishwa na ofisi yoyote. Lakini roho yake ilikuwa kwenye harusi. Alitaka kupiga watu wakikumbatiana, wakilia, wakikanyagana miguu, watu wenye mikono na mgongo, si vichwa tu. Alijibana mpaka akanunua kamera yake, ya mtumba lakini nzima, kwa mwanamume mmoja aliyekuwa anahama. Siku aliyoaga pale studio, ulimi ukamzidi.

"Bosi, nimechoka kupiga watu kama wafungwa. Nakwenda kupiga watu walio hai."

Bosi alikuwa anakata picha kwa mkasi. Hakuinua hata jicho. "Haya," alisema. "Mlango unaujua."

Laiti angejua, angeaga kwa adabu. Miezi mitano ilipita bila kazi hata moja ya maana. Kila aliyemwendea aliuliza swali lile lile: "Za kwako ziko wapi tuzione?" Za kwake? Za kwake zilikuwa zimegundishwa kwenye mafaili ya maofisini nchi nzima. Kwenye simu alikuwa na picha za maua, paka wa mama yake na mvua. Mteja wake wa kwanza alibisha hodi nyumbani asubuhi na mapema, Usicheke akaruka kutoka kitandani, akafungua mlango. Alikuwa jirani. Alitaka picha ya pasipoti.

Ndipo akakutana na Mpambaji. Huyu mama alikuwa akipamba kumbi za harusi, na bibi harusi yeyote wa mji ule lazima angepita mikononi mwake. Ukipendwa na Mpambaji umepata kazi. Akikununia, katafute shughuli nyingine. Usicheke alimfuata ukumbini, akamkuta juu ya ngazi amejaza pini mdomoni.

"Nionyeshe harusi moja tu," Mpambaji alisema, akitema pini kiganjani. "Moja. Nikiipenda, maharusi wangu wote ni wako. Nisipoipenda, usinisumbue tena mwanangu, nina mambo mengi."

Na Mungu si Athumani, harusi ikapatikana. Mdogo wake, mtoto wa mama yake mdogo, alikuwa anaolewa mwezi ule ule, na mpambaji wake ni huyo huyo. Usicheke alijitolea kupiga picha zote kama zawadi. Mdogo mtu akamrukia shingoni. "Dada, nilikuwa nakuonea aibu kukuomba!"

Hapo lazima niwaambie habari za baba wa bibi harusi. Mama mdogo alikuwa amefariki miaka sita nyuma, na tangu siku ile baba mdogo hakucheka tena. Si kwamba alikuwa mkali. Alisalimia, aliuliza hali, alilipa karo, alikwenda kazini. Ila ukimpa kichekesho alikusikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Ehe," kama mtu anayengoja uendelee. Watu wa familia walishaacha kujaribu.

Siku ya harusi Usicheke alifika kabla ya viti. Aliogopa jambo moja, wale wageni wanaojazana mbele na simu zao na kuharibu kila picha. Akamwomba Mpambaji, na Mpambaji, mwenye sauti ya kusimamisha gari, akatangaza mlangoni: "Jamani, simu mifukoni! Tunaye mpiga picha. Mwacheni afanye kazi yake!" Simu zikaingia mifukoni na mikobani, hata moja haikubaki nje. Usicheke akajisikia mrefu.

Baba na binti wakaja kupanda ngazi za ukumbi. Ngazi ya pili, kisigino cha bibi harusi kikanasa kwenye gauni, akayumba, kiatu kikatoka, kikabiringika mpaka chini. Baba mdogo akamdaka kwa mikono miwili. Akakitazama kile kiatu. Akamtazama mwanawe.

"Mama yako naye hivi hivi!" alisema. "Siku kama hii, mguu ule ule!"

Akacheka. Jamani, alicheka! Kile kicheko kilimtoka tumboni, kikamkunja, ikabidi ashike ukuta. Binti naye akaangua, huku machozi yanamtoka, kichwa amekilaza kifuani kwa baba yake, mguu mmoja peku. Wageni wakapiga makofi. Shangazi mmoja akaketi chini kabisa akilia.

Usicheke alikuwa hatua tatu mbele yao, mwanga umekaa vizuri, kamera tayari usoni. Kicheko cha baba mdogo kilimwingia mpaka kwenye mifupa, akamkumbuka mama mdogo. Akafanya kile ambacho mikono yake ilikifanya miaka kumi na moja. Akashusha kamera, akasubiri wamalize.

Walipomaliza, akapiga.

Hakugundua. Hilo ndilo linaloniuma mimi ninayesimulia. Kutwa nzima alifanya kazi kwa furaha, jasho linamtiririka, akiwapanga watu mmoja mmoja: "Shemeji, kidevu. Shangazi, kilemba kidogo nyuma, masikio. Haya, tulieni." Jioni alirudi nyumbani miguu imevimba, akamwambia mama yake, "Mama, leo nimefanya kazi." Mama akampikia chai na kumkanda miguu.

Siku ya tatu walikusanyika sebuleni kwa baba mdogo kuangalia picha kwenye kompyuta. Bibi harusi alikaa mbele, Mpambaji pembeni yake na miwani puani, baba mdogo kwenye kiti chake karibu na dirisha. Picha ya kwanza, kimya. Ya kumi, kimya. Ya thelathini, Mpambaji akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mbona kama za polisi?" aliuliza.

Na kweli. Zilikuwa safi, hakuna iliyotikisika, mwanga wake sawasawa. Na katika kila moja watu walisimama wima, midomo imefungwa, masikio mawili mawili, wakitazama mbele. Bwana harusi alikuwa kama anayesubiri hukumu. Hata keki ilikatwa na watu wawili wasiojuana.

"Dada," bibi harusi alisema taratibu, "kwani siku ile mimi sikucheka?"

"Ulicheka."

"Sana?"

"Sana, mdogo wangu."

"Sasa kiko wapi kicheko changu?"

Usicheke alikuwa ameshaliona kosa mwenyewe, tangu picha ya kumi.

Baba mdogo akainuka, akaja polepole, akainamia kompyuta. "Ile ya kwenye ngazi ipo?"

Usicheke akaitafuta. Zilikuwa mbili. Ya kwanza, bibi harusi ananyanyua gauni ili apande. Ya pili, baba na mwana wamesimama wima, kiatu kimesharudi mguuni, nyuso zimetulia.

"Hii ni kabla," baba mdogo alisema. "Na hii ni baada. Ile yenyewe?"

"Nilisubiri mmalize, baba."

"Tumalize nini?"

"Kucheka."

Bibi harusi akageuka haraka. "Kuna mtu atakuwa nayo kwenye simu. Lazima kuna mtu!" Akashika simu yake, akaanza kupiga, shangazi huyu, rafiki yule, shemeji yule mwingine. Kila mmoja alijibu lile lile: simu ilikuwa mfukoni, si mlituambia? Mpambaji akainamisha kichwa. Usicheke akatamani ardhi ipasuke.

Afadhali baba mdogo angemtukana. Alimwekea tu mkono begani, akasema, "Haya mwanangu, umejitahidi," akarudi kwenye kiti chake akatazama nje. Uso ulikuwa ule wa miaka sita. Mpambaji alikusanya mkoba wake. Alitoka bila kuwataja tena maharusi wake, na Usicheke hakuhitaji kuambiwa.

Watu wengine wangefia hapo. Yeye alijikaza kisabuni. Alijiambia huo ni ugonjwa wa mkono tu, na mkono unafundishika. Akachukua kamera akaenda sokoni kuwinda vicheko. Sasa sikilizeni balaa lenyewe. Muuza nyanya alikuwa anacheka na mwenzake mpaka anajipiga mapaja. Usicheke akainua kamera haraka, safari hii asisubiri. Na yule mama, kumwona tu, akanyoosha mgongo, akasukuma kilemba nyuma ya masikio, akafunga mdomo. Akaenda kwa mafundi viatu, wakanyooka. Watoto waliokuwa wanarukaruka kwenye dimbwi la maji wakajipanga ukutani wenyewe, videvu chini, macho mbele, wametulia tuli. Miaka kumi na moja alikuwa ameufundisha mtaa mzima, na mtaa ulikuwa mwanafunzi mzuri kuliko alivyodhani.

Akabaki na mama yake. "Mama, hebu cheka."

"Nicheke nini, mwanangu?"

"Chochote. Kumbuka ile siku uliyoniita Usicheke."

Mama alijaribu. Wallahi alijaribu, akanyanyua mashavu kwa nguvu, akaonyesha meno. Machoni hakukuwa na kitu ila wasiwasi wa mzazi. Usicheke akashusha kamera, akaingia chumbani, akajifunika shuka mchana kweupe.

Kamera aliiuza wiki iliyofuata. Aliyeinunua aliijaribu pale pale, akampiga picha mkewe akipiga chafya, wakacheka wakiitazama. Usicheke alitoka bila kuaga.

Kisha kiwanda cha sabuni kikatangaza nafasi za kufunga maboksi. Mama ndiye aliyeleta fomu, akaiweka mezani, kalamu juu yake. Usicheke akajaza jina lake la kweli, lile ambalo halikuwahi kutumika. Chini kabisa kulikuwa na kisanduku kimeandikwa: bandika picha.

Alizunguka mtaa mara mbili kabla ya kuingia studio. Kitana kilikuwa pale pale kwenye kamba yake. Bosi alikuwa anakata picha kwa mkasi. Safari hii aliinua macho, akaiona fomu mkononi mwake, akaelewa. Nilidhani angemkumbusha wale wafungwa. Hakumkumbusha. Alisimama, akapangusa stuli kwa kitambaa.

"Karibu, mwanangu. Kaa."

Akakaa. Katika miaka yote ile hakuwahi kukaa pale kama mteja. Taa zilikuwa kali kuliko alivyodhani, na kutoka pale kwenye stuli huoni kitu kingine isipokuwa jicho la kamera na kichwa cha mtu nyuma yake. Akanyooka. Akashusha kidevu. Nywele akazirudisha nyuma ya masikio kabla hajaambiwa. Bosi akainua kamera, akafungua mdomo kusema lile neno lake, akaufunga. Hapakuwa na haja.

Hapo ndipo Usicheke alipovunjika. Ilianza mabegani, ikaja kooni, kisha akalia kwa sauti, mikono magotini, hata uso hakuufunika. Alimlilia baba mdogo na kile kicheko chake alichokiacha kikaenda. Alilia kwa sababu alikuwa amesimama hatua tatu tu, kamera mkononi, mwanga mzuri. Mteja aliyekuwa mlangoni akarudi nyuma akavuta mlango.

Bosi hakumgombeza, wala hakumbembeleza. Alishusha kamera, akasubiri amalize.

Alipomaliza, Bosi alimpa kitambaa. Akajifuta, akanyooka tena, akatazama mbele, na Bosi akapiga mara moja tu. Zilitoka nne, zote safi. Masikio yote mawili yanaonekana, mdomo umefungwa, na huwezi kujua kama huyu mtu alikuwa analia.