Hongo ya Mezani

Chwararara. Ndivyo walivyolia askari wa chuma Babu alipowamwaga kwenye sinia kila Jumamosi saa nne asubuhi, na mpaka leo nikisikia mtu anamwaga kunde kwenye bati nageuka kuangalia nani anapigana na nani. Walikuwa wadogo, kila mmoja kama nusu ya kidole, na mikuki yao na ngao zao. Boksi zima Babu alipewa na padri mmoja mzungu aliyekuwa anarudi kwao kwa sababu ya uzee. Babu alikuwa amemwezekea banda la kuku bila kulalamika. Padri akamwambia huu ni mchezo wa vita vya kale, utakufaa. Babu alikuwa anatarajia kuku.

Ndani mlikuwa na majeshi mawili na kitabu cha sheria cha Kiingereza. Jeshi moja lilikuwa la Warumi, jingine la maadui wao, lenye tembo mmoja. Babu ni Mkatoliki, akakataa katakata kuwa Mrumi, kwa ajili ya Ijumaa Kuu. Rafiki yake wa Goweko, ambaye ni Mwanglikana, akasema, "Nipe mimi. Sisi tulishawasamehe."

Rafiki huyo ni Mgogo aliyehamia Goweko ujanani kulima tumbaku. Babu ni Mnyamwezi. Kwa hiyo ni watani, na wametukanana kwa heshima zote tangu kabla mama yangu hajazaliwa. Mimi nilikuwa nashona nguo barazani kwetu hapa Isevya, na kwa kuwa nilifika kidato cha nne na nilikuwa na kamusi, nikafanywa mkalimani wa sheria. Kazi hiyo niliipenda mno. Niliota kwamba siku moja nitaitwa nchi za mbali kuamua vita vya watu, na gauni la safari nilishajishonea.

Sheria ngumu zilikuwa za mwendo. Kwa mfano, safu ya askari ikigeuka, unapima njia ya yule wa pembeni kabisa, kwa sababu ndiye anayetembea zaidi. Hiyo Babu aliielewa papo hapo. Alisema hata ngomani wakizunguka, wa pembeni ndiye anayelala na viatu. Nikapima kwa tepu yangu ya nguo, tukaendelea vizuri mpaka ukurasa wa kumi na moja.

Ukurasa wa kumi na moja ulisema: kikosi kikifika inchi mbili kutoka kwa adui lazima kisimame, na hakiruhusiwi kupita mpaka... Baada ya hapo mchwa walikuwa wamekula.

"Mpaka nini?" Babu akauliza.

"Mpaka kilipe hongo," akasema mtani wake, bila hata kuinua macho.

Zamani misafara ya Wanyamwezi ikienda pwani na mizigo ilipita Ugogo, na huko haikupita bure. Wenye nchi na visima walitaka hongo kwanza. Jambo hilo Babu alisimuliwa na babu yake mwenyewe. Akafikiri kidogo, akasema ni kweli, ndivyo ilivyokuwa. Mimi nikaandika. Kwa miaka minne, kila kikosi kilichopita karibu na Warumi kilitoa askari mmoja kikaachiwa njia.

Kisha siku moja jemadari wa Babu mwenyewe akafika inchi mbili.

"Mtu mkubwa, hongo kubwa," akasema mtani. "Nataka tembo."

"Tembo ni mmoja!"

"Ndiyo maana namtaka."

"We Mgogo, babu zako walituuzia maji ya Mungu, na wewe unatunyang'anya mezani!"

"Na nyie mabega yenu yana sugu la kubeba mizigo ya watu mpaka baharini. Tembo mmoja wa vidole viwili unashindwa kunibebea?"

Nilicheka. Babu hakucheka. Akasema, "Kama ni hivyo, usije tena."

Katika utani unaweza kusema lolote, hata msibani. Kosa ni moja tu, kukasirika. Yule mzee akachukua kofia yake taratibu. "Haya, bwana," akasema. Sikuwahi kumsikia akimwita Babu bwana.

Jumamosi tatu hakuja. Babu alikaa dirishani akiangalia barabara. Nikimuuliza anangoja nini anasema mvua. Ilikuwa mwezi wa saba.

Nikaona hapa dawa ni sheria yenyewe. Kwenye simu nikapata kundi la watu wanaocheza mchezo huo, nikaomba, na mtu mmoja wa mbali huko akanitumia picha ya ukurasa wa kumi na moja usioliwa. Nilikaa na ukurasa huo siku mbili, mimi na kamusi. Ulisema: hakiruhusiwi kupita mpaka adui aondoke au ashindwe. Unaweza kumkabili, au kurudi nyuma huku unamwangalia. Basi. Hongo haikutajwa popote.

Nikampigia mzee wa Goweko nikamwambia sheria imepatikana. Akaja, kwa ajili ya sheria. Tukacheza kama ilivyoandikwa. Jemadari wa Babu akafika inchi mbili, akasimama. Mrumi naye akasimama. Hakuna aliyepaza sauti. Vita vikaisha kabla chai haijapoa.

"Mchezo mzuri," akasema mtani, kama mtu anayesifu wali usio na chumvi.

"Mzuri," akasema Babu.

"Jumamosi ijayo sitakuwepo. Nina mizinga ya kurina."

"Hata mimi nina shughuli."

Babu hajawahi kuwa na shughuli tangu astaafu reli. Nikawatazama wale wazee wawili wanavyoagana kwa kushikana mikono kama watu wa ofisini, nikajua hawaonani tena, na aliyewaletea hilo ni mimi na kamusi yangu. Nikamkimbilia mzee wa Goweko, nikamkuta barabarani.

"Babu, subiri kidogo."

"Sema, mke mdogo."

"Kitabu nimekisoma sawasawa, sikukosea. Lakini aliyekiandika hajawahi kupita Ugogo."

Akasimama. "Hajapita," akasema. "Hata hewa ya kule hajaivuta." Kisha akaniangalia kwa jicho moja. "Na tembo wangu?"

"Tembo humpati. Hongo ilikuwa nguo na shanga. Wewe ulisikia wapi msafara umelipa tembo?"

Akafikiri. "Nguo unazo?"

"Babu, mimi ni fundi."

Tulipoingia, Babu alikuwa anawarudisha askari kwenye boksi, mmoja mmoja.

"Umesahau nini?"

"Nimesahau kuchukua changu kwako, mpagazi wewe."

Babu akabaki na Mrumi mkononi. Midomo ilimcheza kidogo. "Mwizi wa visima karudi," akaniambia, kana kwamba mimi sijaona. "Mpe kiti."

Nikakusanya vipande vya kitenge chini ya cherehani. Jemadari akafika inchi mbili, Babu akatoa kipande cha bluu. Mtani akakiinua kwenye mwanga, akasema kimepauka, Wagogo si watu wa kupewa matambara. Babu akasema ndicho kilichovaliwa na mkewe siku ya harusi. Walibishana kwa kipande hicho mpaka gari la jioni la Goweko likaondoka bila mtu wetu. Kwenye mchezo vile vitambaa havina faida yoyote. Mtani alivifunga kwenye leso.

Kesho yake Jumapili walikwenda kusali, kila mmoja kanisani kwake. Mimi nilibaki kupika. Nikachukua karatasi, nikaandika kwa kalamu ya risasi: Kitabu kinasema usimame. Hapa kwetu unasimama, unalipa kitambaa, unapita. Tembo halipwi. Nikaibandika kwa uji wa sembe juu ya tundu la mchwa, ukurasa wa kumi na moja, nikafunga kitabu, nikakikalia mpaka kikauke.