Nilivyoifunga Bandari Siku ya Posa Yangu

Jamani, hili nimelificha muda mrefu, na hata sasa kulisimulia naona masikio yanapata moto, ila nyie si wageni, chekeni tu, mie kulia nilishalia nikamaliza. (Uongo. Sijamaliza.)

Mnajua kwetu siku ya kupeleka posa muoaji hakanyagi ukweni, anabaki kwao roho juu, wanakwenda wazee na mshenga. Mie kiherehere kikanituma niende nikasikie mwenyewe, kwa sababu Zuhura wangu hana baba na neno la mjomba wake ndilo neno, basi nikambembeleza mshenga wetu, Mzee Shomari, mpaka akakubali kunipeleka Mbagala kwa huyo mjomba, eti mie mpwa wake tu.

"Twende, lakini huko usifumbue mdomo," akasema. Nikaapa.

Tumeketi, salamu zimekwisha, barua ya posa iko mezani imefungwa kwenye kitambaa, na televisheni (laiti umeme ungekatika!) ikaleta habari kwamba nchi jirani imezuia mazao yetu mpakani. Mjomba ni wakala wa mizigo, ofisi yake Kurasini kando ya bandari, na mizigo yenyewe ni ya Zambia na Kongo, kwa hiyo akasema kwa upole, "Majirani wakikosana waketi wazungumze." Hapo ningenyamaza, leo nina mke. Lakini mie kijiweni Buguruni, kwenye kahawa, wananiita Balozi, na ulimi ukaanza kuniwasha.

"Samahani mzee wangu, hapo sikubaliani nawe," nikasema. "Huo ushirikiano wa kimataifa ni porojo, kila nchi inaangalia tumbo lake. Akikufungia mpaka, nawe mfungie bandari!"

Mzee Shomari akanikanyaga mguu. Nikadhani bahati mbaya, nikausogeza.

"Tukifunga bandari mimi nitakula nini?" mjomba akauliza huku anacheka. "Na hao majirani, tutahama tuwaache? Hebu niambie kijana, siku ukigombana na mkeo utamfungia mlango?"

Mtu mwenye akili zake angeliona hilo shimo. Mie nikaona hoja, na hoja mie siiachi. "Namfungia! Tena alale nje, mpaka aje kwa magoti kuomba radhi. Ukilegea mara moja umekwisha, iwe nchi, iwe mke!"

Pazia likafunguka, akatoka mama mdogo wa Zuhura na sinia la vitumbua, akanikazia macho, sinia nusura limponyoke. "Haa! Si ndiye huyu Hamisi mwenyewe? Si ndiye huyu tunayeonyeshwa kila siku kwenye simu ya Zuhura?"

Nilitamani ardhi ipasuke nizame. Mjomba hakufoka (heri angefoka), aliichukua ile barua vilevile ilivyofungwa, akamwekea Mzee Shomari mikononi. "Mzee mwenzangu, hapa hatuna binti wa kulala nje. Karibuni vitumbua." Na tukala, jamani, maana kukataa ingekuwa utovu wa adabu juu ya mwingine, na Mzee Shomari hanitazami.

Jioni nikampigia Zuhura. Kumbe alikuwa nyuma ya pazia muda wote.

"Ulisema nilale nje," akaniambia. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtu aliyeumia.

"Zuhura, ule ulikuwa mjadala wa nchi na nchi. Halafu kwanza sikukutaja wewe, nilisema mke, tena mjomba ndiye aliyeleta huo mfano, sasa ukiangalia vizuri..."

"Unaona? Mie nilikuwa nangoja useme samahani. Wewe unabishana."

Akakata. Nimepiga na kupiga, hapokei mpaka leo.

Ulimi uliponza kichwa, walisema wahenga, na mie nimeapa sibishani tena na kiumbe, hata mkiniambia jua linachomozea magharibi nitaitikia ndiyo. Ila niliyetaka aone kwamba nimeacha, hayupo wa kuona.