Alama kwenye Paji la Uso la Baraka

Hata leo, pombe kali ikimwagika karibu nami, namwona mdogo wangu Baraka akiwa na miezi minane, paji la uso likinuka kama baa.

Ilikuwa Juni, mwishoni mwa miaka ya tisini, tukiishi ughaibuni, Langley Park. Mama alikuwa akitunza wazee kwenye nyumba moja kule Lanham, na Baraka alishinda kwa Bibi Chen, jirani yetu wa ghorofa ya chini, Mchina aliyejua Kiingereza cha kuombea maji tu. Mimi, wa miaka tisa, nilikuwa nikimchukua nikitoka shule. Siku hiyo nilimpandisha juu bila kumtazama vizuri. Mama ndiye aliyeona: mistari mitatu ya manjano imelala, mmoja umesimama katikati.

"Nani amemchora mtoto?" Akamnusa. "Woi, na hii ni pombe!"

Akampigia simu Mama Furaha, Mkongo wa kanisani kwetu. Nilimsikia hadi kwenye kochi: "Alama ku paji ya uso? Dada, soma Ufunuo! Usimurudishe kule hata siku moja."

Mama akamsugua Baraka kwa sabuni mpaka akalia. Kisha akanituma chini nikalete chupa na nepi zake, na niulize alama ile ni ya nini.

Nilibaki mlangoni kwake, nikagusa paji langu la uso. Bibi Chen akaelewa. Akachora mistari ileile kiganjani kwa kidole, akasema "wang", akakunja vidole kama makucha, akanguruma. Nilipanda ngazi mbio.

"Amenguruma kama mnyama," nikamwambia Mama.

Mnyama, kama yule wa Ufunuo mwenye alama! Neno hilo lilitosha. Baraka hakurudi kule tena, Mama akapoteza zamu kibao, na Bibi Chen tukawa tunampita ngazini bila salamu, hadi alipohama.

Miaka mingi baadaye, chuoni, Mchina mmoja niliyesoma naye alinieleza. Wang ni mfalme, na pia ni jina la ukoo. Chui milia ana mistari hiyo usoni, naye kwao ndiye mfalme wa wanyama. Basi mabibi, mwezi wa tano wa kalenda yao, unaoangukia Juni hivi, huwachora watoto kwa pombe ya dawa ili magonjwa na nyoka wasiwaguse.

Nilimpigia Mama. Nikamweleza maana ya wang.

"Kumbe alikuwa anamkinga," akasema. "Lakini wewe uliniambia amenguruma."

"Alinguruma kweli, Mama."

Na ni kweli. Ambalo sikulisema siku ile, kwa kutaka kuaminiwa, wala kwenye simu, kwa aibu, ni kwamba yule bibi alikuwa akicheka. Na alipomaliza kunguruma alisimama palepale, makucha hewani, akisubiri nami nicheke.