Kamba ya Mwalimu Mhina

Enzi zetu pale Ng'ambo, Tabora, Kiingereza kilikuja darasani kikiwa kimefungwa kamba. Wenzangu mliosoma darasa la sita na mimi mtakumbuka: vumbi la chaki, madawati tuliyobanana, na mifuko ya sketi na kaptula imejaa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa mpaka vikawa vigumu kama kokoto. Ulikuwa unaweka kipande shavuni saa ya hesabu, kinalainika taratibu, na ikifika saa ya Kiingereza ndiyo utamu unaanza. Watoto wa siku hizi wanakula vitu vya pakiti vinavyokwisha kabla hujajua umekula nini.

Saa ya Kiingereza ilikuwa ya Mwalimu Mhina, Mzigua wa Handeni, mrefu, chaki sikioni kama seremala na penseli yake. Mzigua na Mnyamwezi ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kwenda pwani na kupita kwao. Kwa hiyo mtu huyu, ambaye kwa ualimu wake tulimwamkia shikamoo tumenyoosha migongo, kwa utani tulikuwa na ruhusa ya kumsema. Yeye ndiye aliyeanza. Siku moja aliandika ubaoni "sweet-potato-eating people", watu walao viazi vitamu, akatunyooshea kidole. Darasa zima likapiga makelele.

"Msinune," akasema. "Mtani akikutukana kwa Kiingereza sanifu, mshukuru."

Mimi sikuwa na hasira, nilikuwa na swali. Baba, aliyekuwa fundi baiskeli, alizoea kusema kwamba mimi nilizaliwa nikiuliza kwa nini. Nikanyoosha mkono, nikauliza vile vistari katikati ya maneno ni vya nini.

"Kashinde, babu yako alipokwenda pwani, alibeba vitu vyake kimoja kimoja?"

"Hapana, Mwalimu. Aliufunga mzigo."

"Basi. Maneno yakitangulia mbele ya jina, yakataka kulieleza kwa pamoja, yanafungwa kamba yawe mzigo mmoja. A ten-year-old girl."

Nikauliza mbona "year" haina s na miaka ni kumi. Akasema ukifunga mzigo, kinachochomoza pembeni unakikata kisikuchome shingo. Nikauliza tena: na tukisema "the girl is ten years old"? Macho yakamng'aa. "Hapo umeshafika kambini! Mzigo umetuliwa, kamba imefunguliwa, na s imerudi."

Nilikwenda nyumbani nikifunga kila nilichokiona. Mbuzi wa jirani akawa "cloth-eating goat". Mama, ambaye kicheko chake kilisikika mpaka sokoni, nikamwita "loud-laughing mother", akataka atafsiriwe kwanza ndipo aamue kama atanipa chakula au kofi. Mwalimu naye tulimfungia mzigo wake. Kwa kuwa Handeni maji ni ya shida, tulimwita "water-fearing teacher", mwalimu aogopaye maji, tukadai huoga sikukuu kwa sikukuu. Alicheka mpaka chaki ikamdondoka.

Kisha, msimu mmoja wa mvua, reli ikiwa imekatika, telegramu ikamfikia Mwalimu Mhina ikisema mama yake amefariki na ameshazikwa. Mwalimu mkuu, mgeni asiyejua mambo yetu, alitukataza kelele: Mwalimu ana majonzi, mwacheni apumzike. Walimu wakaenda, wakakaa mkekani, wakasema pole kwa sauti ndogo, wakaondoka. Chakula alichopelekewa kilirudi kama kilivyokwenda. Hakulia. Mwisho tukasikia amefunga sanduku. Treni ya kwanza ikipita anarudi kwao, na Tabora ndiyo basi. Niliumia sana. Nilimpenda yule mwalimu, na sikumjua mtu mwingine ambaye angefurahia maswali yangu.

Nilipomweleza Mama, alisimama na mwiko mkononi.

"Mzigua amefiwa huku kwetu, halafu watani tumenyamaza? Nani atamtania mpaka alie? Tumemwacha na msiba wake kama mtu asiye na watu? Huko kwao watatuonaje?"

Alivaa koti la Baba, akachomeka kipande cha muhogo sikioni badala ya chaki, akakusanya wanawake wa mtaa. Sisi watoto akatuambia, "Nyie wenye Kiingereza, mtukaneni vizuri." Tukaandika kwa mkaa kwenye kipande cha boksi, haraka haraka, tukimfuata nyuma.

Mama aliingia uani kwa Mwalimu akitembea kama yeye, hatua za korongo. "Nani kafa hapa? Yule bibi aliyewanyima babu zetu maji? Afadhali, visima vitapumua! Toka nje, we Mzigua, tugawane sanduku, si umeshatufungia!" Wanawake wakaangua kicheko. Nikajificha nyuma ya boksi, nikidhani tumemkosea.

Mlango ukafunguka. Alikuwa amekonda, ndevu zimeota ovyo. Akamtazama Mama na muhogo wake, kisha akasoma boksi letu: "Water fearing cassava loving class forgetting teacher", mwalimu aogopaye maji, apendaye muhogo, asahauye darasa. Akaninyang'anya mkaa, akachuchumaa, akaanza kufunga mizigo yetu, kistari baada ya kistari. Alipofika kwenye "class-forgetting" alilia. Alilia kwa sauti kubwa, na katikati ya kilio anacheka, na Mama akamshika mabega.

"Lia, mtani wangu. Lia. Watu wako tumefika."

Jioni ile alikula viazi vyetu na karanga, akasema sasa ameelewa kwa nini vichwa vyetu ni vigumu. Treni ilipopita, sanduku lake lilikuwa limerudi uvunguni.

Leo mwanangu ananiandikia "cku hz mambo ni meng", na simu ikijaribu kumsahihisha anaigombeza simu. Nilimuuliza kama anamjua mtani wake, akaniuliza anapakuliwa wapi. Nami nacheka, lakini nacheka kwa uangalifu, maana siku hizi ukimtania kijana wa watu njiani anakurekodi.

Mama alifariki mwaka jana. Simu yangu ilijaa picha za maua na mishumaa. Watu walikuja wengi, wakakaa kwenye viti vya kukodi, wakanipa pole kwa sauti ndogo. Walikuwa wema, siwalaumu. Ila mimi nilikuwa natazama mlango, nikimngoja mtu yeyote ajifunge khanga ya Mama, aingie akicheka kile kicheko chake cha kufika sokoni, anitukane. Nilingoja mpaka matanga yakaanuliwa na viti vikarudishwa kwa mwenyewe.

Sijalia mpaka leo.