Mwenye Mji na Matairi Manene

Wewe cheka tu. Wapo waliocheka kabla yako, na mmoja wao hakuweza tena kulalia mgongo. Ninachokueleza nilikiona kwa macho yangu haya, jua likiwa utosini, na sikuwa nimeonja hata tone la pombe.

Nilikuwa fundi wa ndege ndogo iliyopeleka chanjo na manesi vijijini, wakati ule Bariadi ingali chini ya Shinyanga. Rubani wake, Elibariki, alikuwa mtu wa Moshi. Kisukuma hakukijua, ila salamu moja aliishika barabara: "Mwadila!" Kila tulipotua au kuruka alitoa kichwa dirishani akaipiga kwa sauti, hata kama uwanjani hapakuwa na mtu wala mbuzi. Nilimtania sana. Akanijibu, "Fundi, kwetu ukipita uani kwa mtu, unasalimia."

Uwanja wenyewe ulikuwa karibu na Sapiwi. Kabla ya Operesheni Vijiji, pale palikuwa na kaya ya mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi, imezungushiwa ua wa minyaa. Alipokufa alizikwa zizini, kama wanavyozikwa kwetu wenye miji, yaani wakuu wa kaya, alale karibu na mifugo yake. Kisha akaja bwana mkubwa mmoja wa kuhamisha watu. Tulimwita Bwana Kiberiti, na sina haja ya kukueleza kwa nini. Watoto wa yule mzee walimwonyesha kaburi, wakamsihi aliache. Akasema, "Marehemu hana haja ya eneo." Trekta likang'oa minyaa, likasawazisha zizi, pakawa uwanja wa ndege. Nyumba ya mama yangu nayo iliungua kwa kiberiti hichohicho. Alitoka na kibuyu cha maziwa tu. Kwa hiyo usinidai huruma nitakapofika mwisho.

Sasa, udongo wa pale ni ule mweusi wa mbuga. Kiangazi unapasuka nyufa za kumeza mguu, masika unanata na kuvuta. Matairi yetu ya kawaida, membamba, yalikuwa yanazama. Na kila mara yalizama mahali palepale palipokuwa zizi. Yalichimba mifereji miwili ambayo hata tungeifukia vipi, kesho yake tuliikuta imefunguka. Wakubwa wetu wakatuletea matairi mengine tuchague: ya kati, na manene hasa, laini, yanayotiwa upepo kidogo ili yaulalie udongo badala ya kuukata. Elibariki alipenda ya kati. Manene ni mazito, alisema, yanapunguza mwendo wa ndege, na mzigo itabidi tuupunguze. Akaenda kijijini kula, akaniacha chini ya bawa nikiyabonyeza kwa kidole gumba, sijui nishike lipi.

Ndipo akaja mzee mmoja, shuka begani, fimbo ya kuchungia mkononi.

"Mwadila, guku," nikamwamkia, maana alikuwa rika la babu yangu.

Akaitika. Alinukia maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, na miguu yangu ilibeba matope mazito kama nimevaa buti. Nyayo zake zilikuwa safi. Niamini, nililiona hilo, ila akili haikutaka kulikubali.

Akainama, akabonyeza tairi nene. "Haya," akasema. "Yale membamba yananikata."

"Yanakukata wapi, guku?"

Akanigeuzia mgongo, akateremsha shuka. Ndugu yangu, mgongoni palikuwa na mifereji miwili, upana wa matairi yetu, na ndani yake matope meusi mabichi. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mimi nililishikilia lile tairi kwa mikono miwili.

"Kijana anayenisalimia sina ubaya naye," akasema akijifunika. "Kwa dawa za watoto, weka haya manene. Yule wa kiberiti naye atakuja. Mimi sitamchagulia. Atachagua mwenyewe."

Akaenda taratibu hadi palipokuwa zizi, akainama kama mtu anayepita mlango mfupi, na hapo hapo akatoweka.

Elibariki aliporudi alikuta nimeshafunga manene. Nilimsimulia yote. Alinitazama usoni, hakubisha. Masika yote hatukuzama tena, mifereji ikajifunga, nyasi zikaota.

Mvua zikielekea ukingoni, Bwana Kiberiti akaja kweli. Gari lake lilikwama matopeni, naye alitakiwa mkutanoni Shinyanga, akiwa na magunia mawili ya mchele wa kuwapelekea wakubwa wake. Elibariki akamweleza kwamba kwa matairi yale ndege haiwezi kubeba mtu na magunia yote mawili.

"Basi toeni hayo," akasema, akilisukuma tairi kwa kiatu. "Ndege gani hii, imevimba miguu? Wekeni yale membamba yaliyolala pale."

"Mzee," nikamwambia kwa adabu zote, "kwa udongo huu membamba hayafai. Hasa pale mbele, palipokuwa zizi."

"Unanitisha na mifupa, fundi? Nimesema membamba."

Haya. Si alichagua mwenyewe? Nikaleta jeki, nikafungua, nikafunga. Niliyemhofia ni rafiki yangu Elibariki. Nikamvuta pembeni, nikamnong'oneza, "Tafadhali, usisahau salamu."

Hakusahau. Ndege ilishika kasi, na ilipokaribia zizi nikamsikia akiita, "Mwadila!" Papo hapo magurudumu yakazama, mkia ukapaa, pua ikachoma udongo. Nikakimbia nikilia jina la Elibariki. Akatoka mwenyewe mlangoni, hana hata mchubuko.

Bwana Kiberiti alikuwa ameinama mbele, na yale magunia mawili yalikuwa yametoka nyuma yakamwangukia mgongoni. Tulipomvua shati, shati lilikuwa zima, halina hata tone la uchafu. Lakini chini yake palikuwa na mifereji miwili, na ndani yake matope meusi. Nesi aliyaosha huku akiniuliza yameingiaje, nami nikaendelea kummiminia maji.

Unataka kujua kama nilifurahi? Nilifurahi. Nilikwenda kwa mama nikamweleza, naye akacheka hadi akatoa machozi, mara ya kwanza tangu nyumba iungue.

Miaka mingi baadaye nilimkuta Bwana Kiberiti sokoni Bariadi, amekaa ukingoni mwa benchi, hajaegemea kitu. Walisema hulala ameketi, maana vile vidonda hufunguka kila masika. Alinitambua, akanishika mkono.

"Fundi, siku ile rubani alipotoa salamu, chini ya ndege kuna mtu aliitikia. Nilimsikia. Nani yule?"

"Mwenye mji," nikasema.

"Nipeleke nikamwombe msamaha."

"Njia unaijua. Trekta ulilipeleka mwenyewe."

Nikamwachia mkono wake, nikaenda zangu. Uwanja ule haupo tena, minyaa imeota upya na kujizungusha yenyewe. Nawe ukipewa ardhi mahali, ukataka kulima, kujenga au kutua, uliza kwanza nani amelala hapo, na ukimjua, msalimie. Asipokuitikia, shukuru. Akikuitikia na ulimkosea, usije kwangu nikuombee.