Mama Mkwe Akague Mdomo

Kosa lilikuwa langu, sitamsingizia mtu. Mara ya kwanza nilipougua kifua kikuu nilimeza dawa miezi miwili, kikohozi kikakoma, nikarudi shambani kwangu hapa Kosele nikijiona nimepona. Pakiti zilizobaki zikalala juu ya kabati. Kikohozi kiliporudi, mashine ya kupima makohozi ikaniumbua: vijidudu nilivyoviacha hai vilikuwa vimebadilika jeni, na dawa ile haikuviua tena.

"Tunakupa dawa nyingine," nesi akaniambia. "Ukizirukaruka hizi nazo, vitabadilika tena, na sijui nitakupa nini. Na nyumbani una mtoto mchanga." Niliogopa, nasema kweli.

Kila siku lazima shahidi anione nikimeza, kisha nifungue mdomo akague. Mke wangu hutoka alfajiri kwenda ufuoni Kisegi kununua omena, dagaa wa ziwani, kwa hiyo kliniki ikanipa mhudumu wa afya wa kijiji. Yawa! Alikuwa mama mkwe wangu.

Sisi Wajaluo hatuna mchezo na mama mkwe. Hata kula mbele yake sikuwahi, sasa nimpanulie mdomo aone magego? Siku ya kwanza tulikaa uani, yeye na barakoa yake, amenipa mgongo.

"Umemeza, mkwe?"

"Nimemeza, mama."

Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu kichefuchefu kilinizidi, nikaficha vidonge shavuni, nikajibu kwa ulimi mzito kuwa nimemeza.

Akageuka ghafla. "Fungua mdomo."

"Mama, heshima..."

"Heshima gani? Nilimlea binti yangu aje awe mjane? Fungua!"

Nikafungua. Vidonge hivyo hapo. Hakunitukana, alilia, kisha akanimiminia maji. Nikameza kwa aibu. Tangu siku hiyo hakunipa mgongo tena, na polepole akaanza hata kunitania: "Jino lile la nyuma limeoza, kaling'oe."

Dawa zilipoisha na makohozi yakatoka safi, mke wangu alichinja kuku. Mama mkwe akatengewa chakula chake chumba kingine, kama desturi. Akakataa. Akaja kuketi kando yangu, mashemeji wote wakitutolea macho. Nikameza tonge la kwanza, nikajisahau kabisa: nikamgeukia, nikapanua mdomo.

Akachungulia kulia, akachungulia kushoto.

"Limeshuka," akasema, akaanza kula.