Siku Nilipokaza Masikio ya Ndege

Nyie vijana mtakaosoma haya, anayetaka kucheka acheke sasa hivi amalize, maana nikifika kwenye maksai sitaki kusikia mtu. Nimeaibika mara nyingi (nimewahi kwenda misa gauni nimeligeuza nje ndani, na nikapokea komunyo hivyo hivyo), lakini aibu ya uwanja wa mpira wa hapa Magamba, miaka ile ya tisini kabla simu za mkononi hazijatufikia, sijaivua mpaka leo. Shule niliishia kwenye kusoma katekisimu na kuandika jina langu, kwa hiyo msitafute maneno makubwa humu.

Mwanangu wa mwisho, Deusi, alikuwa fundi redio mjini Mpanda, na alikuwa amempenda Nyamizi, binti wa mzee Masanja, Msukuma aliyehamia kwetu na ng'ombe wake. Binti alikubali. Baba yake ndiye aliyekaza shingo. Alikuwa amesikia kwamba Deusi anatengeneza ndege ya kuchezea, akasema mbele za watu kilabuni, "Mimi siozeshi kwa mtu wa midoli." Neno hilo lilinifikia kabla ya jioni, kama mnavyojua mdomo wa kilabu.

Lakini ule haukuwa mdoli. Injini na kisanduku cha kuiongozea kwa mbali aliazimwa na bruda mmoja wa misheni, vingine vyote alitengeneza kwa mikono yake: mbavu za bawa kutoka kwenye plaiwudi ya sanduku la majani ya chai, magurudumu kutoka kwenye soli ya kandambili, na ngozi yake, nisiwafiche, ilikuwa shumizi yangu ya zamani, iliyopakwa vanishi ikawambika kama ngoma. Nyuma ya bawa, kila upande, alitengeneza kipande chembamba kama rula. Yeye alikiita kibawa, mimi nilikiita sikio, kwa sababu kilikuwa kinapanda na kushuka kama sikio la punda.

"Mama, hili likipanda na lile likishuka, ndege inalala upande, inageuka," alinieleza. "Bila haya inakwenda moja kwa moja kama mlevi aliyeona kilabu."

Bawaba za chuma zingekuwa nzito, kwa hiyo aliyashona masikio yale kwenye bawa kwa uzi wa nyavu za samaki kutoka Ikola, ziwani: uzi unapita juu ya bawa, unazama katikati, unatokea chini ya sikio, halafu unarudi, kama mtu anayeandika namba nane. Katikati aliacha mwanya. Ukiinua bawa juani, unaona mwanga.

Nikamwambia, "We Deusi, huu mshono umelegea."

"Ndivyo unavyotakiwa, mama. Usiuguse."

Sasa nisikilizeni. Mimi nimelelewa kijijini Mamba, kwenye mpunga, na mama yangu alinifundisha kwa fimbo kushona magunia na kusuka mikeka, na alikuwa akisema mshono uliolegea unamtangaza mshonaji. Wakwe wanapokuja kwako hawaangalii uso wako, wanaangalia ukili wa mkeka waliokalia. Na mimi (hapa ndipo kidogo kilipozaa kikubwa) nilikuwa nimemwalika mzee Masanja na dada yake, shangazi wa binti, waje sikukuu ya mtakatifu somo wa kigango chetu wamwone Deusi akirusha ndege baada ya misa, ili yale maneno ya midoli yaishe. Nilishawatangazia wanawake wote wa jumuiya. Nikajiuliza, yule shangazi akiiinua ndege na kuona ule mwanya, atasema nyumba hii ya Wapimbwe ni ya namna gani?

Basi asubuhi ile Deusi alipokwenda misheni kuchukua kisanduku, nilichukua sindano ya magunia, nikafumua namba nane zote, nikayashona masikio kwa uzi wa kukunja mara mbili, nikivuta mpaka kidole kinauma, halafu nikapaka uji wa muhogo juu yake na kuanika juani. Ulipokauka, hata kiroboto asingepita. Nilijisifu peke yangu jikoni.

Deusi alirudi wageni wameshafika. Walikuja na mkokoteni wa maksai, wakauegesha ng'ambo ya uwanja, na nyuma yake kidogo akina mama walikuwa wamepanga mafiga, masufuria ya wali yanafuka. Deusi akaangalia bawa, akaniangalia mimi.

"Mama, umegusa?"

"Nimeimarisha tu. Wakwe hawasubirishwi, twende."

"Ngoja nijaribu kwanza."

"Unataka waseme unaogopa?"

Akajaribu haraka haraka watu wakiwa wamemzunguka, watoto wanapiga kelele, na kale kamota ndani ya bawa, ka kuchezesha masikio, kalikuwa kanalia kwa kuelemewa, lakini katika zile kelele nani angekasikia, au kuona kwamba masikio yanatikisika tu? Mimi nilikuwa karibu na shangazi wa Nyamizi, nikimnong'oneza (nilinong'oneza kwa sauti ya kusikika uwanja mzima), "Ule mshono unaouona pale ni wangu."

Ndege ikakimbia kwenye vumbi, ikanyanyuka. Jamani, ilinyanyuka! Nikapiga kigelegele mpaka kilemba kikaanguka. Mzee Masanja mwenyewe alisimama kwenye kiti, mdomo wazi, na nilimwona Nyamizi upande wa pili ameficha uso kwenye kitenge kwa furaha.

Halafu ilitakiwa igeuke.

Haikugeuka. Deusi alikuwa anasukuma kijiti cha kile kisanduku kushoto, mwili wake wote unakwenda kushoto kana kwamba yeye ndiye ndege, na ndege inakwenda moja kwa moja kuelekea kwenye watu. Alichoweza ni kuipandisha na kuishusha tu. Akaipandisha ikapita juu ya vichwa vya watoto, watu wakalala chini, padri naye akalala na kanzu yake, kisha akaishusha mahali pasipo na mtu, na mahali pasipo na mtu palikuwa pale pale kwenye mkokoteni. Ikatua kwa pua miguuni mwa maksai, injini bado inalia kama nyuki kwenye debe.

Maksai hawakuuliza. Waliondoka na mkokoteni, wakapita katikati ya mafiga, masufuria yakaruka, wali wa sikukuu ukamwagika wote kwenye vumbi, na mzee Masanja akawa anakimbia nyuma yao akiwa na koti na kiatu kimoja, akiwaita kwa Kisukuma kwa majina yao. Kuna watu walicheka mpaka wakashika miti. Kuku ndio waliofaidi.

Shangazi wa binti alinigeukia taratibu. "Mayu," akaniambia, na kwa Kisukuma hiyo ni "mama" ya heshima, ndiyo maana iliuma zaidi, "ni mshono ule ule uliosema ni wako?"

Nikainama kuokota kilemba changu. Wote walikuwa wamenisikia.

Mzee Masanja alirudi na maksai wake wakitetemeka. Alisimama mbele ya Deusi. "Kijana, mtu asiyeweza kugeuza kipande cha kitambaa, atageuza vipi jozi ya maksai shambani? Na mke atamwongoza wapi?"

Nilifungua mdomo niseme. Deusi akaniwahi. "Ni ndege yangu, baba. Nilipaswa kuikagua mwenyewe." Hakunitazama.

Alipofika nyumbani alikaa kizingitini na kile kilichobaki cha bawa, akachukua wembe, akakata uzi wangu mmoja mmoja, bila hasira, kama anayemnyoa mtoto. Alipobakiza uzi mmoja sikio likaning'inia, akalishika, akalichezesha juu na chini kwa kidole. Halafu akaliweka chini. Laiti angenitukana.

Nilikwenda kwa Masanja mara mbili kuomba, nikapiga magoti uani kwake mimi mzee mzima. Mara ya pili alinipa maziwa, nikanywa, na neno lake likabaki pale pale. Baada ya mavuno Nyamizi aliolewa na Msukuma mwenzao. Deusi alihamia Ikola kutengeneza injini za mitumbwi, akaoa huko, ana watoto, ananiletea dagaa. Ni mtoto mwema. Ndege hajatengeneza tena, na mimi sijawahi kumuuliza.

Lile bawa nimelitundika juu ya mlango, sikio moja linaning'inia. Mwaka ule ule binti yangu mkubwa alilitazama akasema, "Mama, ngoja nilishone, linatia aibu," akaenda kutafuta sindano. Nikawaita wote waliokuwa ndani, hata waliokuwa wanakoga, nikawaambia: "Katika nyumba hii, kuanzia leo, hakuna wa kutia sindano kwenye kazi ya mtu bila kumuuliza mwenyewe inatakiwa ikaze au ilegee. Hata kama ni kifungo cha shati."